Septrin ilimdhuru, sasa amepewa Fansidar

BARUA

Ndugu washauri, hamjambo?

Naandika kutoka Busia, upande wa Uganda. Nina mimba ya miezi mitano, na mtoto wa kiume wa miaka minne mwenye kilo 16. Nimekwama kwenye mambo mawili ambayo yameleta ugomvi nyumbani.

La kwanza ni langu. Miaka miwili iliyopita nilinunua Septrin duka la dawa kwa sababu mkojo ulikuwa ukiniunguza. Nilimeza siku tano zikaisha. Siku ya tisa tangu kidonge cha kwanza nikashikwa na homa, macho yakawaka kama yametiwa pilipili, midomo ikachubuka hata uji ukanishinda, kisha malengelenge yakatoka kifuani na mgongoni. Nililazwa wiki mbili. Siku ya kuruhusiwa niliambiwa tu, "Septrin usile tena." Wiki iliyopita kwenye kliniki ya wajawazito, mkunga alinipa vidonge vitatu vya Fansidar nimeze mbele yake. Niliogopa, nikajifanya nameza, nikavificha kwenye leso. Mama mkwe alipoviona alikasirika. Anasema Fansidar si Septrin, na kwamba naiweka mimba kwenye hatari ya malaria kwa ukaidi.

La pili ni la mwanangu. Miezi michache iliyopita baba yake alimpeleka kliniki na homa, akachomwa sindano ya X-Pen. Dakika kumi hazijaisha, akatoka mabaka mwili mzima, mdomo ukavimba, akatapika mara tatu, akalegea. Wakampa Piriton, wakasema arudishwe nyumbani kwa boda akalale. Alipona. Sasa anakohoa, leo ni siku ya tatu, na dada wa duka la dawa anataka kumpa Amoxil ya maji. Anasema ile ilikuwa sindano, hii ni ya kunywa, kwa hiyo haina shida. Ni kweli? Na mzio huu ameurithi kwangu? Naogopa hata kwa huyu aliye tumboni.

Mama wa Busia

JIBU

Dada yetu, vidonge hivyo vitatu usivimeze, si sasa wala baadaye. Na Amoxil usimpe mtoto. Hayo mawili yafanye leo, kisha soma sababu zake taratibu, pamoja na mama mkwe ikiwezekana.

Tuanze na wewe. Septrin imetengenezwa kwa dawa mbili, na moja yake ni salfametoksazoli. Fansidar nayo ina mbili, na moja ni salfadoksini. Majina ya dukani hayafanani, lakini hizo mbili ni ndugu wa ukoo mmoja, ukoo wa salfa. Mwili uliomkataa mmoja kwa nguvu namna ile haupewi nafasi ya kukutana na mwenzake. Mama mkwe ana haki ya kuiogopa malaria, kwa sababu kwa mjamzito malaria ni hatari kubwa, na Fansidar inawakinga wanawake wengi sana. Kwako wewe tu haifai.

Uliyoyapata ni aina ya mzio unaochelewa. Huu hauji dakika ile ile. Kwa kawaida huanza kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu dozi ya kwanza, na unaweza kuanza wakati dawa imeshaisha, ndiyo maana watu wengi hawaihusishi na dawa kabisa. Hutangulia homa, koo kuuma na macho kuwaka, siku moja hadi tatu, kisha ngozi. Ngozi yenyewe huuma zaidi kuliko kuwasha. Hutokea madoa meusi au ya zambarau, halafu malengelenge, halafu ngozi inavuka kama imeunguzwa na maji moto. Mdomo, macho na sehemu za siri huchubuka. Madaktari huita hali hiyo Stevens-Johnson, na inaua. Mtu akiona dalili hizo anaacha mara moja dawa anayoishuku na kwenda hospitali siku hiyo hiyo, akiwa amebeba kila dawa aliyomeza mwezi mzima uliopita. Asitumbue malengelenge. Asipake ile krimu nyeupe ya vidonda vya moto yenye silva salfadiazini, kwa sababu hiyo nayo ni salfa.

Kuna sababu nyingine ya kuikataa Fansidar hata kwa "kujaribu kidonge kimoja". Salfadoksini hukaa mwilini muda mrefu. Baada ya wiki nzima karibu nusu yake bado imo kwenye damu. Ukiimeza na mwili ukaanza kuikataa, hakuna namna ya kuitoa. Mzio wa aina hii haujaribiwi tena maishani, hata kwa kipande.

Lakini angalia sana jambo hili, kwa sababu hata wasawo (wahudumu wa afya) wenye haraka huchanganya: salfa na salfeti si kitu kimoja. Vidonge vya madini ya chuma unavyopewa kliniki vinaweza kuandikwa "ferrous sulphate". Mjamzito mwenye kifafa cha mimba huchomwa "magnesium sulphate", dawa inayookoa maisha yake. Zinki ya kuharisha ya watoto nayo ni salfeti. Hizo zote ni chumvi, haziuhusu ukoo wa Septrin, na hukatazwi hata moja. Ukisema tu "nina mzio wa salfa" bila kutaja Septrin, ipo siku mtu anaweza kukunyima sindano unayoihitaji.

Sasa malaria utaikingaje bila Fansidar? Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata usiku wa joto. Kama hukupewa kliniki, kidai. Mwambie mkunga akupime damu ya malaria kila unapohudhuria, hata kama hujisikii vibaya. Homa ikikupata, nenda upimwe siku hiyo, usingoje kesho. Ukikutwa na malaria utatibiwa kwa Coartem, ambayo haina salfa na katika miezi yako inaruhusiwa: vidonge vinne kwa mara moja, vinne vingine baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili, jumla vidonge 24, kila dozi pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Bila mafuta, sehemu kubwa ya dawa haiingii kwenye damu.

(Kwa wasomaji wanaomeza Septrin kila siku kwa sababu ya VVU: ninyi hamhitaji Fansidar mkiwa wajawazito, kwa kuwa Septrin yenyewe inawakinga, na ndugu hao wawili hawamezwi pamoja. Kama haijawahi kuwadhuru, msiiache kwa kusoma barua hii.)

Tuje kwa mtoto. Ya kwake ni aina nyingine kabisa, mzio wa papo hapo. Kwa sindano, huanza ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya nusu saa. Kwa dawa ya kunywa unaweza kuchukua hadi saa moja au mbili. Mabaka peke yake ni mzio wa ngozi. Lakini mabaka yakija pamoja na kutapika mfululizo, au kupumua kwa shida, au sauti kukauka, au kulegea, basi sehemu zaidi ya moja ya mwili zimeshambuliwa, na hiyo ni hali ya hatari ya kifo. Mwanao alikuwa na mabaka, uvimbe wa mdomo, matapishi na kulegea. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini hakutibiwa inavyostahili.

Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, mara nyingi hutauona. Pitisha kiganja mgongoni na tumboni: mabaka ya mzio yameinuka kama alama za kuumwa na siafu, na yanahama, yanafutika hapa na kuchomoza pale. Mulika tochi kwa upande, vivimbe vitatupa kivuli. Tazama kope na midomo. Sikiliza kifua kama kinapiga mluzi.

Dawa ya hali hiyo ni adrenalini, si Piriton. Piriton hutuliza kuwasha, tena baada ya nusu saa au zaidi, lakini haifungui njia ya hewa wala haipandishi shinikizo la damu lililoporomoka. Haidrokotisoni nayo huchukua saa nyingi kufanya kazi. Adrenalini hufanya kazi ndani ya dakika. Tunaiandika dozi hapa kwa ajili ya wasawo wanaosoma safu hii: chupa ya mg 1 kwa ml 1, ile iliyoandikwa 1:1000, ichomwe kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Mtu mzima ml 0.5. Mtoto wa miaka 6 hadi 12, ml 0.3. Chini ya miaka 6, ml 0.15, kwa bomba la ml 1 ili kipimo kionekane vizuri. Hali isipobadilika, rudia baada ya dakika 5. Paja lina damu nyingi kuliko mkono, dawa huchukuliwa upesi. Chini ya ngozi ni polepole mno, na kuimwaga yote kwenye mshipa kunaweza kuvuruga moyo. Chupa iliyogeuka rangi ya waridi au kahawia imeharibika, itupwe. Sanduku la adrenalini likae mahali anapochomea sindano, si kwenye kabati la ofisi ambalo ufunguo wake umeondoka na mtu.

Na lile la boda lilitutia hofu kuliko yote. Mtu aliyepatwa na mzio mkali alazwe chali, miguu iinuliwe juu ya kiti au mto. Shinikizo la damu likiwa chini, ukimsimamisha au kumkalisha wima ghafla, damu hubaki miguuni, moyo unakosa cha kusukuma, na unaweza kusimama pale pale. Anayehangaika kupumua akae akiwa ameegemezwa, miguu imenyooshwa mbele. Anayetapika alazwe kwa ubavu. Mjamzito kama wewe alale ubavu wa kushoto, ili mimba isiubane mshipa mkubwa wa damu. Kwa hiyo tafuteni gari mtu anaweza kulala ndani yake. Kama lililopo ni boda tu, kwanza adrenalini ichomwe pale pale na hali itulie.

Baada ya kutulia harudishwi nyumbani. Mzio unaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila dawa kuguswa tena. Aangaliwe kituoni saa 6 angalau, na aliyezidiwa sana alale huko.

Kuna kitu kimoja hufanana na mzio huu, nacho ni kuzimia kwa hofu ya sindano. Anayezimia kwa hofu hupauka, hutoka jasho baridi, mapigo yake ni ya polepole, hana mabaka, na akilazwa chali huzinduka ndani ya dakika moja au mbili. Mwenye mzio mapigo yake hukimbia. Ukiwa na shaka, mtendee kama mwenye mzio.

Hoja ya dada wa duka, kwamba ile ilikuwa sindano na hii ni ya kunywa, si sahihi. Mwili haukuikataa sindano, uliikataa penisilini. Amoxil ni penisilini. X-Pen, PPF, benzathini, ampisilini, kloksasilini, Ampiclox na Augmentin zote ni penisilini. Sefaleksini na seftriaksoni ni binamu zao. Wengi wenye mzio wa penisilini huzivumilia, lakini kwa mtoto aliyepatwa kama wako hilo liamuliwe na daktari, mahali penye adrenalini. Usikubali pia ile ya "tumchome kidogo chini ya ngozi tuone". Kwa aliyewahi kuzidiwa, hata tone linatosha kuanzisha balaa.

Na huenda hahitaji antibiotiki yoyote. Kikohozi kingi cha watoto kinatokana na virusi. Mvue shati akiwa ametulia au amelala, hesabu kifua kikipanda kwa dakika moja nzima, si nusu dakika ukazidisha mara mbili. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi ni haraka mno. (Wa miezi 2 hadi 12, ni 50.) Akifikia 40, au kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, au akishindwa kunywa, mpeleke kituo cha afya leo, na neno la kwanza kumwambia musawo liwe "penisilini ilimdhuru". Mwambie pia VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji chenu, kwa sababu naye huwa na amoksilini ya nimonia kwenye sanduku lake. Kama pumzi ni chini ya 40 na anacheza, mpe vinywaji vya uvuguvugu, na kijiko cha asali usiku. Asali hapewi mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Homa ikimsumbua, parasetamoli ya maji yenye mg 120 kwa ml 5: kwa kilo zake 16, ml 7.5 kila baada ya saa 6, si zaidi ya mara nne kwa siku. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani hata kidogo, kimoja kinabeba karibu mara mbili ya kingine. Soma lebo ya dawa yoyote ya mafua mnayompa, kwani nyingi zina parasetamoli ndani, na hapo dozi hujumlika bila mtu kujua. Na mkianza dawa mpya, ianzeni moja kwa siku. Zikianza tatu pamoja na mabaka yakatoka, utamlaumu nani?

Kuhusu urithi, tulia. Mzio wa dawa haurithiwi kama sura. Mwanao hakupata mzio wa penisilini kwa sababu wewe ulidhuriwa na Septrin, na huyo wa tumboni asinyimwe dawa yoyote kwa sababu yenu. Mume wako naye aendelee na penisilini akiandikiwa.

Tunalisisitiza hilo kwa sababu kuna kosa la upande wa pili, kuita kila kitu mzio. Kuharisha kidogo kwa Augmentin si mzio. Kuwashwa na klorokwini, ambako wazee wetu wanakukumbuka vizuri, kulikuwa usumbufu wa dawa yenyewe. Vipele vya virusi vikitoka siku ya tatu ya amoksilini, dawa ndiyo inayosingiziwa. Nchini Marekani, karibu watu 10 kati ya 100 husema wana mzio wa penisilini, lakini wakipimwa, walio nao kweli hawafiki hata mmoja kati ya hao 100. Tena, mzio wa kweli wa papo hapo hufifia: baada ya miaka 10, wapatao 8 kati ya 10 huwa hawanao tena. Kwa hiyo mwanao akikua, aulizie hospitali kubwa kama anaweza kupimwa. Wewe, kwa Septrin, hupimwi.

Kesho rudi kliniki na vile vidonge kwenye leso. Mwambie mkunga kwa utaratibu: "Mama, sikuvimeza, na sababu ni hii." Hatakugombeza akisikia habari za malengelenge, na akikugombeza, muombe akuandikie hivyo hivyo. Muombe pia ajaze fomu ya madhara ya dawa inayokwenda NDA (mamlaka ya dawa ya Uganda), ya kwako na ya mtoto. Na siku yoyote mtu akishika sindano nyumbani kwenu, aulizwe kwanza ni dawa gani na adrenalini iko wapi. Baada ya kuchomwa, kaeni hapo nusu saa.

Kisha chukua madaftari yenu ya matibabu, na kadi yako ya kliniki. Andika ndani ya jalada la mbele, kwa wino mwekundu, si kwenye ukurasa utakaofunikwa na ziara nyingine. Kwako: "SEPTRIN (kotrimoksazoli): siku ya 9 homa, macho na mdomo kuchubuka, malengelenge, kulazwa wiki 2. ASIPEWE KAMWE Septrin, Fansidar wala salfa nyingine. Salfeti anaruhusiwa." Kwa mtoto: "PENISILINI (X-Pen, sindano): ndani ya dakika 10 mabaka, mdomo kuvimba, kutapika, kulegea. ASIPEWE amoksilini wala penisilini yoyote." Weka tarehe. Piga picha kurasa zote mbili, ziwe kwenye simu yako, ya baba yao, na ya mama mkwe.